Ukuta Wenye Kuvu

1. Nyumba ya mtelemkoni

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko mvua huanza mwezi wa tisa na huendelea mpaka mwezi wa tano. Kiangazi ni miezi mitatu tu. Watu ni wengi na viwanja ni haba, kwa hiyo nyumba nyingi zimejengwa mtelemkoni. Mtu hukata kilima, husawazisha udongo, na ukuta wa nyuma wa nyumba yake hukaa karibu kabisa na udongo uliokatwa.

Katika nyumba moja ya namna hiyo walikaa baba, mama na watoto wanne. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, na paa lilikuwa la mabati. Watoto walilala katika chumba cha nyuma. Kila masika ukuta wa chumba hicho uliota madoa meusi, kama ukuta uliorushiwa masizi ya sufuria. Harufu yake ilikuwa kama ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya beseni. Kila kiangazi baba alinunua chokaa, akaupaka ukuta, nao ukawa mweupe. Mvua zikianza, madoa yakarudi.

Mtoto wa tatu, msichana wa miaka saba, alikuwa akikohoa usiku. Kifua kilimlia kama filimbi. Mwezi wa tano mama alimpeleka hospitalini. Mganga alimsikiliza kifua, akampa dawa, kisha akauliza neno ambalo mama hakulitazamia: « Mtoto huyu analala wapi? » Mama akamweleza. Mganga akasema: « Dawa itamsaidia, mama. Lakini kama analala kando ya ukuta huo, kila usiku anavuta tena kitu kinachomwumiza. »

Siku hiyohiyo mama alihamisha kitanda cha watoto, akakiweka katika chumba cha mbele.

Baba alikuwa na akiba yake. Alitaka kununua rangi ya mafuta, ile inayong'aa, auzibe ukuta mara moja kwa siku zote. Ubatizo wa mtoto mchanga ulikuwa karibu, naye hakupenda wageni waone aibu ile. Mama akamwambia: « Baba watoto, kabla ya kununua rangi, tumwite fundi aangalie. » Baba hakufurahi, lakini alikubali.

2. Kuvu ni nini?

Kuvu si uchafu tu, wala si rangi. Ni kitu chenye uhai, ndugu ya uyoga. Ina nyuzi nyembamba sana zinazopenya ndani ya kitu inachokila. Huzaa mbegu ndogo mno, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Mbegu hizo huruka pamoja na hewa, nazo ziko kila mahali: nyumbani, shuleni, kanisani, sokoni. Hakuna mtu awezaye kuzifukuza zote.

Basi, kwa nini ukuta mmoja huota kuvu na mwingine hauoti? Mbegu ya mahindi katika ghala kavu hukaa miezi mingi bila kuota. Ikitiwa katika udongo wenye maji, huchipuka kwa siku chache. Ndivyo ilivyo mbegu ya kuvu. Chakula inacho tele: mbao, karatasi, nguo, ngozi ya viatu, hata vumbi la ukutani. Joto la nyumba laifaa. Inangoja kitu kimoja tu, ndicho maji. Kitu kikilowa, kikakaa siku moja au mbili bila kukauka, kuvu yaweza kuanza kuota.

Si kila kuvu ni adui. Mwaka 1928, huko London, mganga Alexander Fleming aliona kuvu imeingia katika sahani moja ya kazi yake, nayo imeua vijidudu vya ugonjwa vilivyokuwa kandokando yake. Katika kuvu hiyo ilipatikana penisilini, dawa iliyookoa watu wengi sana.

Lakini kuvu ya ukutani haimponyi mtu. Mbegu na vumbi lake huweza kuwasha pua, macho na koo, na mwenye pumu huumia kuliko wengine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu juu ya unyevu na kuvu katika nyumba. Kitabu hicho chaonyesha kwamba watu wanaokaa katika nyumba zenye unyevu hupata kikohozi, kubanwa kifua na pumu kuliko watu wa nyumba kavu.

3. Milango minne ya maji

Fundi alikuja asubuhi. Alikuwa mzee aliyejenga nyumba nyingi mjini. Baba alimwonyesha ukuta, akauliza: « Mzee, dawa gani itaondoa madoa haya? »

Mzee aligusa ukuta kwa kiganja, kisha akatoka nje bila kujibu. Baba alidhani amekasirika. Kumbe mzee alikuwa akiizunguka nyumba polepole, akitazama paa, msingi na udongo wa nyuma. Aliporudi alisema: « Mwanangu, kuvu ni mtoto. Mama yake ni maji. Ukimfukuza mtoto na kumwacha mama, atazaa mwingine. Maji huingia nyumbani kwa milango minne. Tutazame yako yameingia kwa mlango gani. »

Mlango wa kwanza ni juu. Bati likitoboka au msumari ukilegea, maji huteremka ndani. Doa lake huanza karibu na paa, nalo huzidi baada ya kila mvua.

Mlango wa pili ni chini. Tofali lina vinjia vyembamba ndani yake, na maji ya udongo hupanda humo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Doa lake hukaa chini ya ukuta, hufika magotini au kiunoni, na mara nyingi huacha unga mweupe wa chumvi.

Mlango wa tatu ni ubavuni. Mvua hupiga ukuta, au matone huruka kutoka chini na kuulowesha, au udongo wa kilima huugusa ukuta na kuupa maji usiku na mchana.

Mlango wa nne ni ndani yenyewe, na watu wengi hawaujui. Hewa hubeba maji yasiyoonekana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 yaweza kubeba karibu gramu 30 za maji. Hewa ya digrii 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10. Kwa hiyo hewa yenye joto ikigusa bati au ukuta wa baridi, hutua mzigo wake, na matone huonekana, kama chini ya kifuniko cha sufuria. Watu sita wakilala katika nyumba iliyofungwa, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku mmoja. Chungu kinachochemka na nguo zinazoanikwa ndani huongeza mengine. Doa la mlango huu hupenda pembe za chumba, nyuma ya kabati na chini ya kitanda, mahali hewa isipopita.

« Basi ni pumzi za watoto », akasema baba.

« Tutauuliza ukuta », akajibu mzee. Alichukua kipande cha plastiki kinachopenyeka kwa macho, akakibandika ukutani, akafunga kingo zote kwa utepe wa kunata. Akasema: « Kisiguswe kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, maji yanatoka katika hewa ya nyumba. Yakiwa upande wa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta. »

Mafundi wengine wana kipimo chenye sindano mbili. Huzichoma katika ukuta au ubao, na umeme kidogo hupita kati yake. Kitu chenye maji hupitisha umeme zaidi kuliko kitu kikavu, na kipimo huonyesha tofauti. Asiye na kipimo hicho ana macho, kiganja na plastiki.

Siku ya tatu matone yalikuwa mengi, yote upande wa ukuta.

4. Rangi au mfereji?

Mzee alimpeleka baba nyuma ya nyumba. Zamani palikuwa na mfereji hapo, lakini ulikuwa umejaa udongo na takataka, hata udongo ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Tena nusu ya paa ilimwaga maji yake papo hapo.

Mzee akasema: « Tufanye hesabu. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande huu wa paa ni mita 20 za mraba. Mvua moja nzuri ni milimita 20. Ni lita ngapi? »

« Lita 400 », akajibu baba.

« Ni bidoni 20. Kama ungemwona mtu anakuja kila mara kumwaga bidoni 20 nyuma ya kitanda cha watoto wako, usingemkataza? »

Baba alinyamaza. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini: « Rangi ya mafuta itayafunga maji ndani ya ukuta kama kizibo. Kwa miezi michache utasifiwa na wageni. Lakini tofali la udongo likilowa hupoteza nguvu. Ukuta huu ukianguka, utaangukia mahali palipokuwa kitanda. Fedha ya rangi inunue mfereji wa bati. »

Baba alitazama ukuta, akatazama tena udongo. Jioni alimwambia mama: « Ubatizo utafanyika na ukuta wenye madoa. » Mama akajibu: « Wageni watakuja kumwona mtoto, hawaji kuona ukuta. »

5. Kazi ya kuondoa kuvu

Kazi ilianza mwezi wa sita, mvua zilipokwisha. Ilifanywa kwa taratibu, na hakuna hatua iliyorukwa.

Kwanza, kuyazuia maji. Baba na vijana wawili waliuondoa udongo uliogusa ukuta, wakaacha nafasi ya kupita mtu. Walichimba mfereji ulio chini kuliko sakafu, wakaupanga mawe, wakauelekeza kwenye mfereji mkubwa wa njia, wala si katika kiwanja cha jirani wa chini. Maji yanayofukuzwa kwako na kupelekwa kwa jirani huleta maangamizi na ugomvi. Chini ya upenu walifunga mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua katika pipa.

Pili, kukausha. Mzee alitoboa dirisha dogo mkabala na lile la zamani, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Kwa majuma kadha madirisha yote mawili yalifunguliwa kutwa. Baba alitaka kuharakisha kazi kwa jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa, lakini mzee alimkataza kabisa. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Tatu, kuondoa kuvu yenyewe. Watoto walipelekwa kwa nyanya yao, na mlango wa kuingia vyumba vingine ulizibwa kwa plastiki. Mzee alivaa mifuko ya mikono, akafunika macho, pua na mdomo. Aliulowesha ukuta kidogo kabla ya kuukwangua, kwa maana kuvu kavu ikikwanguliwa hurusha mbegu zake nyumba nzima. Alikwangua lipu yote iliyooza, akaitia mifukoni, akaitoa nje. Vitu vigumu, kama mlango na kitanda cha chuma, vilioshwa kwa maji na sabuni, vikakaushwa siku ile ile. Godoro la zamani lililoingiwa na kuvu lilitupwa. Mama alilihurumia, lakini kitu chororo kilicholiwa mpaka ndani hakioshwi kikatakata.

Mama aliuliza kama maji ya javeli hayatoshi. Mzee alieleza kwamba javeli huondoa rangi ya kuvu, lakini haiingii vizuri ndani ya udongo na mbao. Doa hupotea, na mzizi hubaki. Tena vumbi la kuvu iliyokufa laweza kuwasha kifua bado. Na mtu asichanganye javeli na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Nne, kutengeneza. Ukuta ulipokauka, mzee aliupaka lipu ya udongo na chokaa. Hakutumia simenti, kwa sababu simenti huzuia tofali la udongo lisipumue, na maji hufungwa ndani.

Doa dogo, lisilofika mita moja ya mraba, watu wa nyumba waweza kuliondoa wenyewe kwa uangalifu. Doa kubwa kuliko hilo linahitaji mtu aliyeizoea kazi hiyo. Mwenye pumu asishiriki hata kidogo.

Utaratibu huu si mpya. Katika Biblia, kitabu cha Walawi, sura ya 14, Waisraeli walipewa sheria juu ya nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani. Mwenye nyumba alimwita kuhani. Vyombo vilitolewa nje, kuhani akaangalia, nyumba ikafungwa siku saba. Kama madoa yameenea, mawe yaliyoharibika yaliondolewa na kutupwa nje ya mji, ukuta wote ulikwanguliwa, mawe mengine yakatiwa, na lipu mpya ikapakwa. Madoa yakirudi tena baada ya hayo, nyumba ilibomolewa. Hakuna mahali panaposemwa: yapakwe rangi juu yake.

6. Gunia la mahindi

Chumba kilipotolewa vyombo, mama alikuta gunia la mahindi lililoegemea ukuta. Upande wa ukutani punje zilikuwa na kuvu ya kijani na harufu mbaya. Mama akasema: « Nitayaosha, niyaanike, tuyasage. »

Kumbe kuvu za namna fulani huweka katika mahindi na karanga sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004, huko Kenya upande wa mashariki, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba mahindi yalikuwa yamewekwa katika unyevu, na walioyaweka ndani ya nyumba walipatwa kuliko walioyaweka ghalani.

« Basi nitawapa kuku », akasema mama. Hata hivyo si vema. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye sumu hiyohiyo. Kwa ajali ile ndipo wataalamu walipoanza kuijua.

Mama alinyamaza muda mrefu, akiyatazama mahindi aliyoyalima kwa mikono yake. Kisha akayafukia. Mengine aliyoyanunua aliyakausha vizuri, akayaweka juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na sakafu.

7. Masika yaliporudi

Mwezi wa tisa mvua zilianza. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza baba hakulala. Aliwasha taa, akaenda nyuma ya nyumba, akaona maji yanakimbia katika mfereji mpaka njiani. Akarudi ndani, akapitisha kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu.

Baada ya majuma mawili mzee alikuja kuangalia tena, kama alivyoahidi. Katika pembe moja, nyuma ya sanduku la nguo, aliona doa dogo kama sarafu. Hakuchukua koleo. Alilisogeza sanduku mbali na ukuta upana wa kiganja, akasema: « Mama, hapa hewa haikupita. Fungueni madirisha kila asubuhi, hata siku za baridi. Na nguo mbichi zianikwe nje, chini ya upenu. » Doa lilifutwa kwa sabuni, halikurudi.

Msichana hakupona yote kwa siku moja. Mganga alimwambia mama aendelee kumpa dawa. Lakini usiku filimbi ya kifua ilisikika mara chache, kisha mara chache zaidi, na mama akaanza kulala.

Ukuta haukuwa na rangi ing'aayo. Ulikuwa mweupe wa chokaa tu. Jirani mmoja aliuliza ni rangi gani iliyoshinda madoa. Baba akamchukua mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha mfereji.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ya kukumbuka

Kuvu haioti bila maji. Kwanza maji huzuiwa, pili nyumba hukaushwa, tatu kuvu huondolewa, nne ukuta hutengenezwa, kisha huangaliwa tena. Kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita.

Maulizo

1. Kwa nini madoa yalirudi kila masika, ingawa baba alipaka chokaa?
2. Taja milango minne ya maji, na alama ya kila mmoja.
3. Plastiki ya fundi ilionyesha nini?
4. Kwa nini ukuta ulilowanishwa kabla ya kukwanguliwa?
5. Kwa nini mama aliyafukia mahindi, wala hakuwapa kuku?
6. Baba alichagua nini badala ya rangi? Alifanya vema? Eleza.

Hesabu

Paa la shule lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 6. Mvua ya milimita 15 imenyesha. Ni lita ngapi za maji zimeanguka juu ya paa? Zingejaza bidoni ngapi za lita 20?

Kazi

Wanafunzi wazunguke nyumba ya shule baada ya mvua. Watazame maji ya paa yanakwenda wapi, na kama mfereji umezibwa. Ukizibwa, wauzibue.